Chumvi isipotoka mchana, presha hailali usiku

Na Mwandishi Wetu

MTU anayepimwa shinikizo la damu, maarufu kama presha, saa nne asubuhi katika zahanati hupewa tarakimu mbili, akarudi nazo nyumbani akiamini kwamba ndizo zinazoeleza hali yake. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini ni za dakika ile aliyokuwa ameketi mbele ya mhudumu.

Katika muda wa saa 24 presha hupanda na kushuka mara nyingi. Hushuka mtu anapolala, huanza kupanda kabla hajaamka, na hubadilika kila anapotembea, anapobeba mzigo, anapokasirika au anapopumzika.

Hata hivyo, wapo watu ambao presha yao haishuki usiku. Wengi wao hawahisi chochote. Baadhi yao hupimwa mchana na kuonekana wazima, ilhali moyo, ubongo na figo zao zinakosa mapumziko ambayo mwili huyahitaji kila siku.

Tafiti zilizofanywa kwa zaidi ya miaka 30, zikiwamo za visiwa jirani vya Shelisheli, zinaonyesha kuwa mojawapo ya mambo yanayohusika ni chumvi, na hasa saa ambazo figo huitoa chumvi hiyo mwilini. Makala haya yanafafanua jinsi utoaji wa chumvi, presha na shughuli za mwili zinavyokwenda pamoja katika mzunguko wa usiku na mchana.

Saa iliyo ndani ya mwili

Mwili wa binadamu una saa yake. Kituo chake kikuu ni kundi dogo la seli lililoko sehemu ya chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho hupishana. Seli hizo hupokea taarifa za mwanga kutoka machoni na kuujulisha mwili kwamba kumekucha au kumekuchwa.

Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kubainisha namna jeni zinavyoiendesha saa hiyo. Kazi yao waliifanya kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda, lakini utaratibu unaofanana na huo upo pia kwa binadamu.

Saa hiyo haiko ubongoni pekee. Seli za moyo, za mishipa ya damu, za ini na za figo nazo zina saa zake ndogo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha, kwa kutumia panya, kuwa mojawapo ya jeni za saa ya mwili, iitwayo Period 1, huongoza utengenezaji wa milango ambayo sodiamu huipitia inaporudishwa kwenye damu kutoka kwenye mkojo unaotengenezwa.

Kwa maneno mengine, figo haingoji chumvi ifike ndipo ianze kuamua la kufanya. Imekwisha kujiandaa kwa kufuata saa.

Figo na kilo moja na nusu ya chumvi

Chumvi ya mezani ni muungano wa sodiamu na klorini. Gramu 5 za chumvi, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, zina takribani gramu 2 za sodiamu. Sehemu inayohusika zaidi na presha ni hiyo sodiamu.

Kila siku figo mbili za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Ndani ya majimaji hayo mna sodiamu inayolingana na ile iliyomo katika kilo moja na nusu ya chumvi. Zaidi ya asilimia 99 ya sodiamu hiyo hurudishwa kwenye damu, na kiasi kidogo kinachobaki ndicho kinachotoka na mkojo.

Kutokana na hesabu hiyo, hitilafu ndogo tu katika kazi ya kurudisha sodiamu inatosha kuufanya mwili ulimbikize chumvi na maji. Maji yakizidi, damu huongezeka ujazo na presha hupanda.

Takribani asilimia 90 ya sodiamu anayokula mtu hutoka kwa njia ya mkojo. Iliyobaki hutoka kwa jasho na choo. Kwa sababu hiyo, watafiti wanaotaka kujua mtu anakula chumvi kiasi gani hawategemei maelezo yake pekee, bali hukusanya mkojo wake wote wa saa 24 na kuupima.

Kiasi kinachotoka hakilingani saa zote. Kwa mtu mwenye afya anayelala usiku, sodiamu hutoka kwa wingi mchana na hupungua usiku. Homoni nazo zina zamu zake: aldosteroni, ambayo huihimiza figo kushikilia sodiamu, huwa juu alfajiri na asubuhi, kisha hupungua kuelekea jioni.

Katika miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza waliwapeleka watu waliojitolea katika kisiwa cha Spitsbergen, karibu na Ncha ya Kaskazini, ambako jua halizami wakati wa kiangazi. Watu hao walipewa saa za mkononi zilizorekebishwa ili "siku" yao iwe ya saa 21 au saa 27, badala ya 24.

Walilala, wakaamka na kula kwa kufuata saa hizo za uongo. Lakini utoaji wa potasiamu katika mkojo wa wengi wao uliendelea kufuata mzunguko wa saa 24, kana kwamba figo zilikataa kudanganyika. Lilikuwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo kuonyesha kuwa mkojo hauongozwi na chakula na usingizi tu.

Presha inavyopanda na kushuka

Kifaa cha kupima presha kwa kufunga mkono kilibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkoff, aliongeza njia ya kusikiliza mlio wa damu chini ya mkanda. Njia hizo zimeokoa maisha ya watu wengi, lakini hupima dakika moja tu ya siku nzima.

Mwaka 1978 madaktari wa London walichapisha matokeo ya kupima presha mfululizo, usiku na mchana, kwa kutumia kipimo kilichoingizwa ndani ya mshipa wa damu. Waliona kuwa presha ilikuwa juu zaidi katikati ya asubuhi, ikapungua taratibu kadiri siku ilivyosonga, ikafika chini kabisa usiku, na ikaanza kupanda tena kabla mgonjwa hajaamka.

Leo inakubalika kuwa presha ya mtu mwenye afya hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 anapolala. Kama kipimo chake cha juu ni 120 mchana, usiku hutarajiwa kuwa kati ya 96 na 108.

Kupanda kwa asubuhi nako kuna hatari yake. Mwaka 1985 James Muller na wenzake wa Marekani walibaini kuwa mashambulio ya moyo huanza zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana. Kilele kilikuwa saa 3 asubuhi, ambapo matukio yalikuwa mara tatu ya yale ya saa 5 usiku.

Wasioshuka

Mwaka 1988 daktari Eoin O'Brien wa Dublin, Ireland, pamoja na wenzake, waliwagawa wagonjwa katika makundi mawili: wale ambao presha yao hushuka usiku na wale ambao haishuki. Waligundua kuwa waliowahi kupata kiharusi walikuwa wengi zaidi katika kundi la wasioshuka.

Tangu hapo mgawanyo huo umetumika duniani kote. Katika mji wa Ohasama, kaskazini mwa Japan, wakazi walipimwa presha ya saa 24 na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2002 ilieleza kuwa, kwa wastani, kila asilimia 5 iliyopungua katika mshuko wa usiku iliendana na ongezeko la takribani asilimia 20 la hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Ikumbukwe kuwa chumvi siyo sababu pekee ya kutoshuka. Wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo, wazee, wanaolala vibaya na wale wanaokoroma huku pumzi zikikatika usingizini nao huangukia mara nyingi katika kundi hilo.

Deni la mchana hulipwa usiku

Kwa nini chumvi ihusishwe na usiku? Jibu linaanzia kwa mtaalamu wa Marekani, Arthur Guyton (1919–2003), aliyefanya kazi katika jimbo la Mississippi. Guyton alieleza kuwa presha ikipanda, figo husukumwa kutoa sodiamu na maji zaidi, na presha ikishuka, hutoa kidogo. Presha, kwa mtazamo huo, ni nguvu ambayo mwili huitumia kuiondoa chumvi iliyozidi.

Figo nzima hukamilisha kazi hiyo mchana bila taabu. Jioni inapofika hakuna chumvi nyingi iliyosalia, hivyo presha inaweza kushuka na mwili ukapumzika.

Lakini figo iliyodhoofika, au ile ambayo kwa maumbile yake huitoa chumvi polepole, haimalizi kazi mchana. Aliyekula chumvi nyingi hupanda kitandani akiwa bado na deni. Mwili wake huiacha presha ikae juu usiku ili kuisukuma chumvi iliyobaki, na mkojo wa usiku huwa na sodiamu nyingi kuliko ilivyo kawaida.

Maelezo hayo yametetewa kwa muda mrefu na Genjiro Kimura na wenzake wa Japan. Mwaka 1997 walichapisha utafiti uliohusu wagonjwa wa presha waliopewa chakula chenye chumvi nyingi na baadaye chakula chenye chumvi kidogo. Kwa wale ambao presha yao ilikuwa haishuki usiku, kupunguza chumvi kulirejesha mshuko huo. Kwa wale waliokuwa wakishuka tangu awali, mwenendo haukubadilika.

Mwaka 1999 kundi hilohilo lilionyesha kuwa dawa za kuongeza mkojo, ambazo huisaidia figo kutoa sodiamu, zilileta matokeo ya namna hiyo. Aidha, tafiti nyingine za Japan zilizofuata ziliona kuwa kadiri ugonjwa wa figo unavyozidi, ndivyo presha ya usiku na sodiamu inayotoka usiku zinavyoongezeka pamoja.

Ushahidi wa karibu zaidi na Afrika Mashariki ulitoka Shelisheli. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Lise Bankir wa Ufaransa, wakishirikiana na wataalamu wa Uswisi na wa Shelisheli, walichapisha utafiti kuhusu watu wenye asili ya Afrika waliokusanya mkojo wa mchana na wa usiku katika vyombo tofauti, huku wakiwa wamevaa kipimo cha presha cha saa 24.

Waliokuwa wakitoa sodiamu kidogo mchana ndio waliokuwa na presha ya juu zaidi usiku, na mshuko wao ulikuwa mdogo. Utafiti wa aina hiyo huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, wala hauthibitishi peke yake kwamba moja limelizaa lingine. Hata hivyo, ukiwekwa kando ya majaribio ya Japan, picha inayopatikana ni ileile.

Kutoka Nyanza hadi Nairobi

Mwaka 1929 daktari wa Uingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akihudumu magharibi mwa Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kuwa presha ya wenyeji wa huko haikuwa ikipanda na umri kama ilivyokuwa kwa Wazungu, na kwamba hakuona wagonjwa wa presha miongoni mwa aliowatibu.

Miongo sita baadaye hali ilikuwa tofauti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1990 na Neil Poulter na wenzake uliwafuatilia Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, ukawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani.

Presha ya waliohama ilianza kuwa juu kuliko ya waliobaki ndani ya miezi michache ya mwanzo. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi ukilinganishwa na potasiamu, dalili kwamba mlo wao ulikuwa umebadilika: chumvi imeongezeka, na vyakula vya shambani vyenye potasiamu vimepungua. Uzito na mapigo ya moyo navyo vilikuwa juu zaidi.

Kabla ya hapo, mwaka 1988, utafiti wa kimataifa uitwao INTERSALT ulikuwa umekusanya mkojo wa saa 24 wa zaidi ya watu 10,000 katika vituo 52 vya nchi 32, Kenya ikiwamo. Miongoni mwa jamii zilizokuwa zikila chumvi kidogo mno, mfano Wayanomami wa misitu ya Brazil, presha ilikuwa ya chini na haikuwa ikipanda sana na umri.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa mtu mzima duniani hula wastani wa gramu 10.8 za chumvi kwa siku. Kiwango kinachopendekezwa na shirika hilo ni chini ya gramu 5. Yaani figo za mtu wa kawaida zinapewa kazi zaidi ya maradufu kila siku.

Shughuli za mwili zina nafasi gani?

Kuhama kutoka kijijini kwenda mjini hakubadilishi chakula pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu Watanzania waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam ulionyesha kuwa katika mwaka wa kwanza kazi nzito za mwili zilipungua sana, na uzito uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili. Si kila badiliko lilikuwa baya, kwani ulaji wa matunda na mboga nao uliongezeka.

Mwendo wa mwili huigusa presha kwa njia kadhaa. Mtu anapofanya kazi nzito, kipimo cha juu hupanda palepale, na figo hupunguza kwa muda utoaji wa sodiamu kwa kuwa damu nyingi huelekezwa kwenye misuli. Kazi ikiisha, presha hushuka na mara nyingi hubaki chini kuliko awali kwa saa kadhaa. Jasho nalo huwa limetoa sehemu ya chumvi.

Mwaka 1999 Kazuomi Kario, Thomas Pickering na wenzao waliwafunga watu kifaa cha kuhesabu mienendo ya mkono pamoja na kipimo cha presha cha saa 24. Waliona kuwa tofauti kati ya presha ya mchana na ya usiku iliendana na tofauti ya shughuli: aliyekuwa akishughulika sana mchana na kutulia usiku alikuwa na mshuko mkubwa, na aliyekuwa akigaagaa kitandani alikuwa na mshuko mdogo.

Hapo kuna funzo kwa anayesoma majibu ya kipimo cha saa 24. Mtu aliyekaa kwenye kiti siku nzima anaweza kuonekana kuwa presha yake haikushuka, si kwa sababu ya usiku kuwa mbaya, bali kwa sababu mchana wake ulikuwa kama usiku. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kuandika alichofanya, saa aliyolala na saa aliyoamka.

Mkao pia una athari. Mtu akisimama au kuketi muda mrefu, maji hukusanyika miguuni. Akilala, maji hayo hurudi kwenye mzunguko wa damu na figo huanza kuyatoa pamoja na sodiamu. Wanaovimba miguu jioni wanaifahamu hali hiyo, kwa kuwa huamka kukojoa mara kwa mara.

Walinzi, wauguzi na madereva wa usiku

Kwa wanaofanya kazi usiku, presha hufuata kwa kiasi kikubwa saa za kazi na za usingizi: hupanda wanapokuwa kazini na kushuka wanapolala mchana. Lakini saa kuu ya ubongoni huchelewa kugeuka, hasa kwa anayebadilisha zamu kila wiki.

Mwaka 2009 Frank Scheer na wenzake wa Boston waliwaweka watu 10 katika maabara kwa ratiba ya siku yenye saa 28. Usingizi na chakula vilipokuwa kinyume kabisa na saa ya mwili, wastani wa presha yao ulipanda kwa asilimia 3. Ni ongezeko dogo kwa mtu mmoja kwa siku chache, lakini si dogo kwa anayeishi hivyo kwa miaka.

Kuamka usiku kukojoa

Watu wengi wenye umri wa zaidi ya miaka 50 huamini kuwa kuamka mara mbili au tatu usiku kwenda kukojoa ni uzee, tezi dume au kunywa maji mengi jioni. Sababu hizo zipo, lakini chumvi nayo imo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagasaki, Japan, walieleza kuhusu wagonjwa waliokuwa na tatizo hilo na walioshauriwa kupunguza chumvi. Watu 223 walifanikiwa kushuka kutoka gramu 10.7 hadi gramu 8 kwa siku. Safari zao za usiku zilipungua kutoka wastani wa mara 2.3 hadi 1.4. Wengine 98, ambao chumvi yao iliongezeka, waliamka zaidi ya awali.

Kwa hiyo anayeamka kila usiku kukojoa anapaswa kupimwa sukari na presha, na kuulizwa anakula chumvi kiasi gani, kabla ya kuambiwa kuwa ni umri tu.

Vipimo vinavyofaa

Kipimo cha kliniki bado ndicho cha msingi, na kiwango cha 140/90 au zaidi kilichorudiwa siku tofauti huhesabiwa na miongozo mingi kuwa ni presha ya juu. Kinachoweza kuonyesha hali ya usiku kwa ukamilifu ni kipimo cha kuvaliwa saa 24, ambacho hujaza mkanda wa mkononi chenyewe kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Katika kipimo hicho, viwango vinavyotumiwa na wataalamu wa Ulaya kutambua presha ya juu ni wastani wa 135/85 au zaidi mchana, 120/70 au zaidi usiku, na 130/80 au zaidi kwa saa 24 zote.

Mkojo wa saa 24 hukusanywa hivi: mkojo wa kwanza wa asubuhi humwagwa, kisha wote unaofuata huwekwa katika chombo hadi ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Anayetaka kuona mwenendo wa usiku na mchana hutumia vyombo viwili.

Hata hivyo, mkojo wa siku moja hautoshi kumhukumu mtu. Watafiti walipowachunguza wanaume waliofungiwa Moscow katika majaribio ya safari ya Mars, yaliyochapishwa mwaka 2013, walikuta kuwa hata chumvi ya chakula ilipokuwa haibadiliki, sodiamu iliyotoka ilipanda na kushuka kwa mizunguko ya siku kadhaa na hata ya wiki.

Dawa zinywewe saa ngapi?

Swali hilo limezua mjadala. Utafiti wa Hispania uitwao Hygia, uliotangazwa mwaka 2019, ulidai kuwa kunywa dawa za presha wakati wa kulala hupunguza mno vifo na kiharusi. Wataalamu wengi waliuhoji.

Mwaka 2022 utafiti mwingine wa Uingereza, ulioitwa TIME na kuhusisha watu 21,104, ulitoa jibu tofauti. Walionywa dawa jioni na walionywa asubuhi walipata mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya aina hiyo kwa viwango vinavyokaribiana: asilimia 3.4 na asilimia 3.7, tofauti isiyokuwa na uzito wa kitakwimu.

Ujumbe wake kwa mgonjwa ni mwepesi: saa bora ya kunywa dawa ni ile ambayo hataisahau. Dawa za kuongeza mkojo zikinywewa usiku humkosesha mtu usingizi, hivyo kwa kawaida hupangwa asubuhi. Asibadilishe saa wala kiwango bila kuzungumza na daktari wake.

Mambo ya kufanya

Hatua ya kwanza ni kupunguza chumvi, hasa ile ya jioni na ile isiyoonekana. Haiko katika kibakuli cha mezani pekee. Imo katika mkate, soseji, ng'onda, achari, vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, na chipsi zinazonyunyiziwa chumvi mara mbili, jikoni na mezani.

Ya pili ni kurudi kwenye vyakula vyenye potasiamu: maharage, mchicha, viazi vitamu, ndizi na parachichi. Potasiamu huisaidia figo kuitoa sodiamu. Wenye ugonjwa wa figo wasiongeze vyakula hivyo, wala wasitumie chumvi mbadala yenye potasiamu, kabla ya kuuliza daktari.

Ya tatu ni kuutumia mchana kwa kazi zake. WHO inapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani na kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano za wiki, kunafikisha kiwango hicho cha chini.

Ya nne ni kuulinda usingizi, na kumweleza daktari iwapo mwenzi wako anasema unakoroma huku pumzi zikikatika.

Ya tano inawahusu wenye mashine za presha nyumbani. Pima asubuhi kabla ya kula na kunywa dawa, pima tena jioni kabla ya kulala, andika tarakimu zote pamoja na saa, kisha nenda na daftari hilo kliniki. Kama una kisukari, ugonjwa wa figo au umewahi kupata kiharusi, muulize daktari kama unaweza kupata kipimo cha saa 24, hata kama presha ya asubuhi inaonekana nzuri.

Wapo wagonjwa wanaoacha dawa baada ya kuambiwa mara moja kwamba presha imekaa sawa. Wasisahau kuwa kipimo hicho hakikuwa nao kitandani saa nane usiku.